Jinsi ya kupata neno la Kiingereza la herufi tano ukiwa na herufi mbili tatu tu

Kila likizo maswali ni yale yale. Mwanafunzi wa Kondele ananitumia ujumbe: "Mwalimu, nipe neno la herufi tano, lina R, ya tatu ni A, linaishia na E." Mzee anayejaza krosiwadi ya gazeti huku akisubiri matatu ya Kakamega ijae ananiuliza jambo lilo hilo kwa njia nyingine. Dada mmoja wa Nakuru hucheza Wordle, mchezo wa mtandaoni wa kubashiri neno la herufi tano, kila asubuhi, na kila wiki hukwama akiwa na herufi nne mkononi na nafasi moja wazi. Nikimpa mtu jibu moja leo, kesho atarudi na swali lingine. Afadhali nieleze njia yenyewe, na kila mtu ajitafutie.

Njia hii inafaa kwa krosiwadi, Wordle, Scrabble (mchezo wa kupanga vigae vya herufi ubaoni), na yale mashindano ya msamiati ya shuleni. Nimetumia herufi tano kwa sababu ndiyo maswali mengi, lakini kwa nne au sita kazi ni ile ile.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la hesabu lenye miraba, lile la watoto wa shule ya msingi. Mraba mmoja, herufi moja.
- Penseli na kifutio. Kalamu ya wino itakufanya uogope kujaribu.
- Kamusi ya Kiingereza, hata ya mtumba iliyochakaa. Kama huna, maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega zina kamusi za kusomea papo hapo.
- Simu yenye bando kidogo, ambayo utaiweka kando hadi hatua ya nane.

Hatua 1. Chora miraba na ujaze unachokijua

Chora miraba mitano. Herufi ambazo nafasi yake unaijua, ziandike ndani. Swali la yule mwanafunzi litakuwa hivi:

_ _ A _ E

Usijaribu kulifanya hili kichwani. Akilini miraba huteleza, na utajikuta unatoa neno la herufi sita bila kutambua.

Hatua 2. Andika orodha mbili chini ya miraba

Ya kwanza ni ya herufi zilizomo lakini hazina nafasi. Mimi huziita zinazoelea. Ya pili ni ya herufi zilizokataliwa. Katika mfano wetu R inaelea. Katika Wordle, herufi ya manjano inaelea na ya kijivu imekataliwa. Kumbuka kuwa ya manjano inakuambia pia mahali ambapo haikai, kwa hiyo andika kando: "R, si ya 5".

Hatua 3. Hamisha herufi inayoelea, nafasi moja baada ya nyingine

Hapa ndipo wengi huruka. Wanatupa maneno ovyo wakitumaini moja litanasa. Wewe andika mistari mitatu, kwa kuwa R ina nafasi tatu tu zilizobaki:

R _ A _ E
_ R A _ E
_ _ A R E

Mstari wa kwanza hauna neno la kawaida. Ufute. Mstari wa pili ni tajiri. Kabla ya R mwanzoni mwa neno mara nyingi hukaa B, C, D, F, G, P na T, kwa hiyo pita hapo kwa zamu: BRACE, BRAKE, BRAVE, CRANE, CRATE, CRAVE, CRAZE, DRAKE, DRAPE, FRAME, GRACE, GRADE, GRAPE, GRATE, GRAVE, GRAZE, TRACE, TRADE. Kisha jaribu irabu: ERASE, IRATE, ORATE. Mstari wa tatu nao unatoa SCARE, SHARE, SNARE, SPARE, STARE, BLARE, FLARE, GLARE na AWARE.

Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya maneno 25, na kamusi bado haijafunguliwa. Miraba mitano mitupu ina michanganyiko 11,881,376 ya herufi. Kujua nafasi mbili na herufi moja inayoelea kumekushusha hadi orodha inayotosha nusu ukurasa.

Hatua 4. Anza na mwisho wa neno

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayotusumbua zaidi sisi tuliolelewa na Kiswahili.

Maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Sikio likishazoea hivyo, mtu akiona mraba wa mwisho uko wazi huutilia A, I, O au U bila hata kufikiri. Kiingereza hakiko hivyo. Ukiacha wingi wa S, maneno yake ya herufi tano huishia mara nyingi na E, Y, T au R, na baada ya hapo L, H, N na D. Yanayoishia na I au U ni machache, na mengi yametoka lugha nyingine: ALIBI, RABBI, HAIKU, BAYOU.

Jambo la pili. Sisi tuna MB, ND na NG mwanzoni mwa maneno: mbuzi, ndizi, ngoma. Kiingereza kinazo pia, lakini mahali pake pa kawaida ni mwishoni. Tazama CLIMB, THUMB, CRUMB. BLIND, STAND, BLEND. BRING, YOUNG, WRONG. Ukipewa M na B zinazoelea, usianze kutafuta neno linaloanza na MB. Ziweke mraba wa nne na wa tano kwanza uone zitakupa nini.

Hizi hapa jozi za kujaribu katika miraba miwili ya mwisho. Zinakili katika daftari lako:

- CK: BLACK, BRICK, CLOCK, TRUCK
- NK: DRINK, THANK, TRUNK
- LD: CHILD, FIELD, WORLD
- RT: SHIRT, HEART, START
- LT: FAULT, BUILT
- CH: TEACH, LUNCH, MARCH
- TH: EARTH, MOUTH, TOOTH
- VE: SOLVE, SERVE, LEAVE, CURVE

Hiyo VE ina siri yake. Kiingereza hakipendi neno liishie na V, kwa hiyo huongezea E hata pale isipotamkwa. Ukiwa na V mraba wa nne, andika E mraba wa tano bila wasiwasi mkubwa.

Hatua 5. Jaza mwanzo kwa herufi zinazokubali kukaa pamoja

Kiingereza huruhusu konsonanti tatu kusimama mwanzoni bila irabu, jambo ambalo ulimi wetu hutaka kulirekebisha. Kumbuka STR (STRAW, STRIP), SPR (SPRAY), SCR (SCREW, SCRUB), SPL (SPLIT), THR (THREE, THROW) na SHR (SHRUB). Kwa upande mwingine, CK, NK, RT na LT haziwezi kuanza neno. Ukizipata zimeangukia hapo, futa mstari wote na uendelee.

Kama hujui herufi ya kwanza kabisa, jaribu S kabla ya nyingine. Ndiyo inayoanza maneno mengi zaidi ya herufi tano. Kisha C, B, T na P.

Hatua 6. Tafuta irabu, na usiisahau Y

Ukishakataliwa A, E, I, O na U zote, usidhani umekosea. Y hufanya kazi ya irabu: NYMPH, LYMPH, CRYPT, TRYST, PYGMY, MYRRH. Katika Wordle maneno kama haya huwaangusha watu hodari kwa sababu wanaendelea kulazimisha irabu iliyokwisha kukataliwa.

Hatua 7. Kagua herufi pacha na herufi bubu

Herufi moja inaweza kukaa mara mbili au hata tatu: SILLY, APPLE, LEVEL, GEESE, EERIE, MUMMY, ERROR. Mtu akiona E imeshapata mraba wake hufikiri imemalizika. Haijamalizika mpaka mchezo ukuambie hivyo.

Bubu ni zile zinazoandikwa bila kutamkwa. K kabla ya N: KNIFE, KNOCK, KNEEL. W kabla ya R: WRITE, WRIST, WRECK. B katika DOUBT na THUMB. GH katika NIGHT na EIGHT, huku katika LAUGH ikigeuka kuwa sauti ya F. Hakuna kanuni ya kuzikisia kwa sikio. Zinakaririwa kwa jicho. Na kama lugha ya mama inakuchanganyia L na R, au S na SH, usitamke neno unapolitafuta. Liandike ulitazame. SELF ina herufi nne na SHELF ina tano, na mraba hautakusamehe.

Hatua 8. Sasa chukua simu

Simu ni ya kuhakikisha na ya kujazia ulichokosa. Ukianza nayo utapata jibu la leo, na kesho utakuwa pale pale ulipokuwa jana.

Tovuti ya OneLook hukubali alama ya kuuliza mahali pa kila herufi usiyoijua. Andika ??a?e na itakuletea maneno ya umbo hilo. Programu nyingi za kamusi hufanya hivyo pia. Na wewe unayesoma kompyuta chuoni: ukiwa na faili ya orodha ya maneno, neno moja kila mstari, amri hii inatosha:

grep -i '^..a.e$' maneno.txt | grep -i r

Nukta moja ni herufi moja isiyojulikana. Amri ya pili inachuja yale yenye R.

Daftari la miisho

Kamusi imepangwa kwa herufi za mwanzo. Ukijua mwanzo, inakusaidia. Ukijua mwisho tu, utaipekua hadi jioni bila faida. Kwa hiyo daftari lako lipange kinyume: kila ukurasa na mwisho wake. Ukurasa wa OUND uwe na BOUND, FOUND, HOUND, MOUND, POUND, ROUND, SOUND, WOUND. Ukurasa wa ASTE: BASTE, CASTE, HASTE, PASTE, TASTE, WASTE. UNCH: BUNCH, HUNCH, LUNCH, MUNCH, PUNCH. Kila neno jipya unalokutana nalo, gazetini au kwenye kitabu cha mtoto, lipeleke kwenye ukurasa wake na uandike maana kando kwa Kiswahili. Vijana niliowaona wakilitunza daftari la namna hii hawahitaji tena kunitumia ujumbe, na Kiingereza chao cha kuandika hutengenea kwa sababu tahajia imewakaa machoni.

Tenga pia ukurasa wa mapacha, yaani maneno ya herufi zile zile zilizopangwa upya. A, E, L, S, T zinatoa LEAST, SLATE, STALE, STEAL na TALES. A, E, P, R, S zinatoa PEARS, SPARE, SPEAR, PARSE na REAPS. Herufi tano tofauti zina mipangilio 120. Ukijua nafasi mbili, inabaki 6 tu, na hiyo unaweza kuiandika yote.

Kwa wanaocheza Wordle

Mchezo huu ulitengenezwa na Josh Wardle, ukatolewa kwa umma Oktoba 2021, na gazeti la The New York Times likaununua Januari 2022. Una bashiri sita.

Wengi hupenda kuanza na ADIEU kwa sababu ya irabu zake nne. Mimi sishauri hivyo. Maneno mengi yana A au E, kwa hiyo kuzipata hakukupunguzii sana. Konsonanti ndizo zinazochuja. Anza na STARE au SLATE. Ukianza na STARE na isikupe kitu, fuata na CLOUD, ambayo haina herufi hata moja ya kurudiwa. Na mambo yakiwa mabaya kabisa, NYMPH ya tatu itakuwa imekufanya ujaribu herufi 15 tofauti.

Sasa mtego wenyewe, ule wa dada yetu wa Nakuru. Umepata _ I G H T na una bashiri tatu. Yanayowezekana ni EIGHT, FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, SIGHT na TIGHT. Ukiyajaribu moja moja utashindwa mara nyingi kuliko utakavyoshinda. Toa ubashiri mmoja sadaka: andika FERNS. Si jibu, lakini ndani yake mna F, E, R, N na S, yaani mianzo mitano kati ya minane. Moja ikipata rangi, umelijua neno. Zote zikiwa kijivu, zimebaki LIGHT, MIGHT na TIGHT. Hapo andika REALM: L ikipata rangi ni LIGHT, M ikipata rangi ni MIGHT, zikikosa zote ni TIGHT, na ubashiri wa mwisho unaufunga mchezo. Kama umewasha hali ngumu ya mchezo, mbinu hii haikubaliwi, kwa sababu ni lazima utumie kila herufi uliyokwisha kuonyeshwa.

Fanya vivyo hivyo na ATCH: BATCH, CATCH, HATCH, LATCH, MATCH, PATCH, WATCH. Tafuta mwenyewe neno la kuzichuja herufi zile za mwanzo. Ni zoezi zuri la jioni.

Kwa wanaocheza Scrabble

Hapa urefu huamuliwa na nafasi iliyobaki ubaoni. Usione haya kuweka neno fupi. Mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, na wachezaji wa kwao wanajulikana kwa kuweka maneno ya herufi nne na tano hata wakiwa na refu zaidi mkononi, ili wabaki na vigae vizuri na wamfungie mpinzani ubao.

Kigae cha Q kina alama 10 na huwatia watu hofu wasipokuwa na U. Sisi tuna bahati. Orodha ya Collins, yaani orodha ya maneno yanayokubaliwa katika Scrabble ambayo hutumika kimataifa, ina FAQIR, NIQAB na QADI, maneno ya asili ya Kiarabu ambayo kwetu ni fakiri, nikabu na kadhi. Orodha hiyo hiyo ina PANGA, BWANA, KANGA, KIKOI na UGALI, yote ya herufi tano. Mpinzani akibisha, mfungulie orodha.

Makosa ninayoyaona kila mara

Majina ya mahali na watu. KENYA, BUSIA na NYERI zina herufi tano kila moja, na kila kikao kuna mtoto atakayezitoa. Hazikubaliwi katika Wordle wala Scrabble, ingawa krosiwadi huzitumia.

Tahajia. Shuleni tunafundishwa ya Uingereza, ambapo COLOUR na HUMOUR zina herufi sita. Wordle hufuata ya Marekani, na HUMOR imewahi kuwa jibu. Kwenye mtihani rudi kwenye tahajia ya Uingereza, na usizichanganye.

Wingi wa S. Kumalizia na S ni rahisi mno, na katika Scrabble ni halali kabisa. Lakini Wordle kwa kawaida haichagui wingi wa aina hiyo kuwa jibu, kwa hiyo CARDS itakusaidia kuchuja herufi tu.

Ukikwama

*Orodha yangu ni ndefu mno.* Una herufi moja inayoelea ambayo hujaihamisha, au hujaitumia orodha ya zilizokataliwa. Rudi hatua ya 2 na ya 3.

*Sina neno hata moja.* Kagua herufi pacha, kisha Y, kisha bubu, kwa mpangilio huo. Kama ni krosiwadi, shuku neno linalokatiza hilo unalolitafuta: mara nyingi ni lile la kusimama lenye makosa, nalo limekuachia herufi isiyo sahihi. Lifute ujaribu bila hiyo herufi.

*Nimepata neno lakini silijui maana.* Usiliandike bado. Lifungue kwenye kamusi. Katika krosiwadi, maana isipolingana na dokezo, neno hilo si lako hata kama linaingia mirabani vizuri.

*Mtoto wangu anachoka haraka.* Mpe miraba minne badala ya mitano, na mwisho mmoja tu kwa siku. Anza na AKE: BAKE, CAKE, LAKE, MAKE, TAKE, WAKE. Akimaliza, muombe aongeze herufi moja moja mbele ya LAKE, TAKE na WAKE, na umwache atafute mwenyewe FLAKE, STAKE na AWAKE.